Njia Aliyomwandikia Otmar

Jumatatu, 4 Septemba
Barua kutoka kusini. Ni ya Otmar, mume wa marehemu mwanangu Lucivane. Maneno mawili tu: "Ni yako." Ndani karatasi iliyokunjwa mara sita — mwandiko wa Lucivane! Walikuwa waje Oktoba. Alimwandikia njia ya kuzunguka mji wetu wa Belém kwa miguu, akale nini, kwa nani. Kila mkunjo kituo kimoja.

Nimefungua mkunjo wa kwanza tu. Nitaifuata njia yote hatua kwa hatua. Harusini nilikataa kwenda. Nilimwambia, "Nenda na huyo mwizi wako." Miaka miwili hatukusemezana, kisha Juni homa ikamchukua, akazikwa huko huko. Nataka kujua kitu kimoja: alinisamehe?

Jumanne, 5 Septemba
Cha kwanza: samaki wa kukaanga, soko la Ver-o-Peso. Miaka hamsini na minane naishi hapa, leo natembezwa na karatasi kama mgeni! Samaki mtamu. Sikummaliza.

Cha pili: unga wa muhogo. "Urushe mdomoni kwa kiganja. Ukiulamba watakucheka." Muuzaji, mzee Deusdete, akanikumbuka. "Bi Iracilda! Binti yako je, bado mdokozi? Kanimalizia magunia yule!"

Nikasema hajambo. Hajambo! Mungu anisamehe. Nimerudi nyumbani nikilia njia nzima.

Alhamisi, 7 Septemba
Sikukuu ya Uhuru. Gwaride, matarumbeta, kichwa kinauma. Cha tatu, kaa wa kukaanga — nimekula nimesimama.

Cha nne, tacacá ya jioni, supu ya muhogo kwenye kibuyu, ya moto, na majani yake ya kutia ganzi. "Midomo itakufa ganzi, usiogope. Nilipokuwa na miaka minne mama alininywesha, nikalia kwamba mdomo umepotea. Akautafuta mpaka chini ya meza."

Niliutafuta kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa!

Mama muuzaji akaniinamia. "Dada, pilipili imezidi?"

"Imezidi."

Jumamosi, 9 Septemba
Cha tano aiskrimu. Nimepita bila kula. Nimefungua mkunjo wa mwisho pale pale barabarani, mvua inaanza.

"Cha sita. Nyumba yenye kibendera chekundu mlangoni, ndipo penye asai. Nilizaliwa humo. Ingia, kaa, usijitambulishe. Kula kwanza, umalize. Ukimaliza mwambie yale niliyokuambia."

Ni kwangu! Aniambie yapi? Nimegeuza karatasi. Hakuna kitu! Yapi, Lucivane?

Jumapili, 10 Septemba
Nimetundika kibendera. Mara ya kwanza tangu Juni. Sijui kwa nini — mikono ilitaka kazi. Nimesaga asai, vitunda vyeusi vya mitende yetu, mpaka uji mzito, nimekaanga samaki. Saa sita benchi limejaa. Jirani Creusa kama kawaida, mdomo mrefu: "Tulidhani umeshakuwa mtawa!"

Kisha kijana mrefu, pua imebabuka kwa jua. Anatazama simu, picha ya karatasi yenye mikunjo, anatazama kibendera, anatazama simu. Lafudhi ya kusini. Nilijua ni Otmar kabla hajakaa. Hakujitambulisha, kama alivyoagizwa. Nikamwekea bakuli, samaki, unga.

Akaonja. Uso ukakunjamana. "Samahani mama, kuna sukari?"

Benchi zima likaangua kicheko. Creusa: "Sukari! Mpelekeni kwa wanaonyonya huyu!"

Huko kwao asai ni peremende, wanaichanganya na ndizi na takataka nyingine. Miaka thelathini na moja ya kazi hii, aliyeniomba sukari nilimnyang'anya bakuli, nikamwonyesha mlango. Leo nimesema, "Ngoja, baba." Creusa akabaki mdomo wazi.

Nimeingia jikoni. Kopo la sukari ya kahawa hili hapa, naandika nimelikumbatia. Namwona kupitia pazia. Hakuningoja. Anakula hivyo hivyo, chungu, machozi yanamtoka, kijiko juu ya kijiko, wala hapumziki. Wanamcheka, hasikii.

Vimebaki kama vijiko vitatu, kisha ataniambia yale. Miguu haitaki kutoka —

Viwili.