Tangi Jipya na Kabichi wa Zamani

Nyumbani,
Sebuleni, kando ya tangi,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Kabla ya salamu, kabla hata sijakuuliza umeamkaje, naomba nilitoe hili kwanza, maana nikianza na salamu nitapata mahali pa kujificha. Aliyemharibu Kabichi, lile tumbawe lako la kijani, ni mimi. Si dada. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata lile daftari langu la siri ambalo Mama anajifanya halijui.

Haya, limetoka. Sasa nikusalimie kama mtu aliyelelewa. Shikamoo Shangazi. Goti linaendeleaje? Bado unapanda zile ngazi mpaka ghorofa ya nne, au lifti imetengenezwa? Na baridi? Uliposema maji ya kunywa yaliganda ndani ya gari, Baba alicheka, kisha akaenda kupima joto la tangi bila sababu. Sisi huku wazima. Mama mzima, Baba mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wake nitakueleza chanzo chake. Usiikunje barua kwa hasira, tafadhali. Mbele kuna habari nzuri, nzuri sana, ila siwezi kuzifikia bila kupita hapa kwenye ubaya.

Unakumbuka ulipoondoka ulituachia tangi, samaki, matumbawe na lile daftari lako la maelekezo. Daftari lote umeliandika kwa lugha ya shuleni, kwa sababu ndiyo uliyoizoea huko maabara. Baba anaisoma kwa kusitasita, Mama anasema inamtia usingizi, dada hana subira ya kusoma hata karatasi ya dawa. Nikateuliwa mimi. Chaza, jina ulilonipa wewe kwa kuwa wageni wakifika najifunga, ndiye akawa msomaji wa nyumba. Shangazi, nilijivuna. Mara ya kwanza katika maisha yangu watu watatu wamekaa wananingoja mimi niseme.

Kwa kujivuna huko nikaruka kurasa. Niliona habari za taa, za chakula, za kusugua kioo, nikasema mengine ni akili ya kawaida tu. Basi kila asubuhi nikawa naona maji yameshuka, kiasi cha jagi moja la lita mbili. Nikawaza: yaliyopungua ni maji ya bahari, basi yarudishwe maji ya bahari. Nikachota kwenye pipa la maji tuliyokwisha kuyachanganya na chumvi, nikamimina. Kila asubuhi kabla ya shule, jagi moja, wiki tatu. Nilijiona mchapakazi kweli.

Wewe unajua kilichotokea, sina haja ya kukufundisha kazi yako. Kabichi akaanza kujikunja. Ile mikunjo yake ya kijani ikawa kama nguo iliyochujuka, halafu nyama ikaanza kumbanduka, na chini yake mfupa mweupe. Baba alipoweka tone la maji kwenye kipimo cha chumvi na kuchungulia, alisoma arobaini na mbili. Akapima tena. Arobaini na mbili ileile, na wewe uliandika thelathini na tano.

Jumamosi iliyotangulia, dada ndiye aliyebadilisha maji na kukoroga chumvi kwenye ndoo. Unamjua huyo Redio wetu, alikuwa anakoroga huku anaimba na kumsimulia Mama habari za mwalimu wao wa michezo. Baba akasema, "Ulikuwa unapima chumvi au unatangaza?" Redio akaapa kwamba alipima vikombe, akavitaja mpaka idadi. Baba akanigeukia mimi: "Chaza, hebu angalia kwenye daftari. Hakuna kitu kingine kinachoweza kupandisha chumvi?"

Nikafungua. Ukurasa wa kumi na moja, umepigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu: maji yanayoruka hewani ni maji matupu, chumvi haiendi popote, kwa hiyo ongeza maji matupu, usiongeze ya chumvi kamwe. Nilisoma mstari wote. Masikio yakawa yanawaka moto. Nikafunga daftari nikasema, "Hakuna, Baba."

Neno hilo nimekaa nalo miezi minane.

Tangu siku ile Redio amepigwa marufuku kugusa tangi. Hakununa sana, yeye si mtu wa kununa, lakini akipita sebuleni hujiwekea mikono nyuma kama mtu aliyeingia dukani bila pesa. Hunong'ona na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa, Bibi Harusi na Bwana Harusi, akiwa amesimama mbali. Mimi ndiye ninayewalisha. Kila siku nawalisha huku yeye anatazama.

Nimeacha kuandika kidogo. Kuna mtu amepita ukumbini, nikaisukuma barua chini ya daftari la hesabu. Alikuwa Mama. Ameniambia nisome kwa bidii.

Sasa tangi jipya. Lita mia nne, Shangazi! Fundi vioo alilileta na vijana watatu, na wakati wa kulipitisha mlangoni ilibidi mlango wenyewe ung'olewe. Seremala ndiye aliyetengeneza meza yake, akaitia vyuma ndani, akaipanda na kurukaruka juu yake kutuonyesha kuwa haitetereki. Mama akamwambia, "Shuka, tumeamini." Kochi kubwa limehamia chumbani kwa wazazi, na Baba akijigeuza usiku anapigana nalo. Ndiyo habari ya mgongo.

Tulilijaza maji ya bomba kwanza kulijaribu. Siku mbili Mama alizungushia karatasi za choo chini yake, na kila alipopita aliinama kuzipapasa kama anaangalia nguo kama zimekauka. Hazikulowa. Tukamwaga, tukaanza kuchanganya maji ya chumvi kwenye mapipa.

Alhamisi akaja fundi bomba kufunga mabomba ya kwenda tangi la chini, lile linalokaa ndani ya meza pamoja na hita na mashine ya kutoa povu. Mtu mcheshi, anaongea na mabomba yake. Alipofika kwenye kile kifaa ulichoshauri tununue, kinachoelea na kujaza maji chenyewe, akatuita wote.

"Mzee, hiki ni ndugu yake na kile cha tangi la choo. Maji yakishuka hata kidogo, kinafungua, maji matupu yanaingia. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, nakuambia. Wanaona maji yamepungua, wanajaza ya chumvi. Chumvi inajirundika, inajirundika, halafu wanalia."

Baba akacheka, akanipiga bega. "Kwetu hilo haliwezi kutokea. Sisi tuna msomaji."

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba, nikakaa ukingoni mwa beseni mpaka fundi alipoondoka.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuhama. Tulianza saa mbili asubuhi. Ndoo saba, mabeseni manne, kila kitu kikikaa katika maji yake ya zamani. Bibi Harusi na Bwana Harusi kwenye ndoo moja yenye pampu ya hewa, kamba mwenye mistari myekundu kwenye nyingine, na yule kaa wa gamba la kuazima tukamweka peke yake kwa sababu ana tabia mbaya. Mara Bwana Harusi akaruka kutoka ndoo akatua ndani ya kandambili ya Mama. Mama akapiga yowe, akaivua, akaitumbukiza kandambili yote ndoani, samaki na kandambili pamoja. Bwana Harusi yuko salama. Kandambili ina harufu.

Redio alipewa kazi ya kushika tochi. Baba akamwambia, "Mikono yako ibaki kwenye tochi tu."

"Sawa mzee. Nimeajiriwa kuwa nguzo ya taa. Mshahara lini?"

"Nguzo haiongei."

Tulikuwa tunatoa mawe, mimi na Baba, moja baada ya jingine. La mwisho, nyuma kabisa kwenye kona, lilikuwa lile lenye mifupa ya Kabichi. Sikuwahi kuitoa. Baba alishasema itupwe, na mimi kila mara nilisema kesho. Niliisukuma tu nyuma, upande wenye giza, nisiione. Baba akalinyanyua, akawa analipeleka kwenye ndoo ya vitu vya kutupa.

"Subiri! Baba, subiri! Usiliweke hilo!"

"Redio, nitaliangusha. Acha makelele."

"Ligeuze! Ligeuze chini juu!"

Akaligeuza. Shangazi, upande wa chini, mahali ambapo mwanga ulikuwa haufiki vizuri, palikuwa na kijani. Si uchafu, si majani. Mikunjo! Vipande vitatu, kikubwa ni kama kifuniko cha chupa ya soda, viwili vidogo kama kucha. Tochi ya Redio ikivipiga vinang'aa kabisa. Ile nyama iliyosalia chini ilikuwa inajijenga yenyewe polepole miezi yote hii, na mimi nalisha samaki juu yake bila kujua.

Baba alikaa chini, kwenye maji, na suruali yake. Akawa anasema tu, "Kabichi. Kabichi bwana." Mama alikuja na mwiko mkononi, akaangalia, akauliza kama ndiye, akaambiwa ndiye, akasema, "Basi ana roho ngumu huyu, amewashinda nyote." Redio alicheza sebule nzima na tochi mkononi, mwanga ukawa unaruka ukutani, darini, usoni kwa Baba. Mimi nilicheka mpaka nikapata kwikwi. Sikumbuki lini nilicheka mbele za watu kiasi kile.

Tukaingiza kila kitu kwenye tangi jipya. Maji tuliyapima mara tatu, thelathini na tano. Joto sawa. Kabichi tumemweka chini kwenye kivuli cha jiwe kubwa, mwanga tutamzoesha kidogo kidogo. Taa zilipowashwa kwa mara ya kwanza, Bibi Harusi akatoka akaogelea kutoka ukuta hadi ukuta, akageuka, akarudi tena, kama mtu anayekagua nyumba mpya kabla ya kulipa kodi.

Redio akasogea. Akanyoosha kidole kimoja, kidogo tu, kuelekea maji.

Baba akasema, "Mkono." Hakusema kwa ukali. Alikuwa hata anatabasamu. "Jicho lako zuri, nakupa hongera. Lakini mkono bado. Unakumbuka barua ya shangazi yako."

Barua hiyo unaijua, wewe ndiye uliyeiandika. Umesema tangi jipya liwe chini yangu peke yangu kwa sababu mimi ndiye mwenye mkono wa kuaminika, na Redio asikaribie ndoo ya chumvi. Baba aliisoma mezani kwa sauti. Redio akarudisha mikono nyuma akasema, "Sawa, sawa, nguzo inarudi mahali pake," akaendelea kucheka, na macho yake bado yako kwa Kabichi. Hakuwa hata na kinyongo. Bora angenitukana.

Ndiyo maana nakuandikia. Nilipoanza nilitaka kukuomba wewe umwambie Baba, maana wewe unajua kusema, na yeye kwako hana ubishi, wewe ni dada yake mkubwa. Nilipanga nikutumie hii kisha nijikaushe wiki tatu mpaka jibu lako lifike. Sasa nimeisoma tangu mwanzo na nimeona aibu. Wiki tatu nyingine za Redio kusimama na mikono nyuma, ili mimi tu nisitetemeke mbele ya baba yangu!

Kwa hiyo ombi langu limepungua. Naomba unisamehe kwa Kabichi na kwa uongo. Na ile barua yako ya msimamizi wa tangi, iandike upya, uweke jina linalostahili. Mimi nitabaki na daftari. Nitalisoma lote safari hii, na nitamsomea Redio kwa sauti.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Fundi bomba naye, ingawa hakujui, amesema nimsalimie mwenye akili aliyechagua kile kifaa cha kuelea. Nisalimie yule mama wa ghorofa ya chini anayekununulia mkate baridi ikizidi. Mungu akulinde ngazini na barabarani, akupe usingizi mzuri na kazi yenye watu wema, na akurudishe uje umwone Kabichi kwa macho yako.

Salamu za dada sijaziandika. Nasikia kandambili zake ukumbini, zinakuja huku, na daftari la hesabu liko hapa karibu na mkono wangu. Naliacha lilipo. Barua iko wazi juu ya goti, nimemwachia nafasi hapo chini aandike mwenyewe, kama akitaka, akishamaliza kusoma.

Wako akupendaye,
Chaza

Shangazi, shikamoo. Nimesoma yote, mara mbili. Nimemfinya huyu mtoto wako mpaka akayarudia kwa mdomo. Miezi minane, Shangazi! Vikombe nilipima, si nilisema? Nimelia kidogo, naye amelia zaidi, andika hivyo hata kwenye kumbukumbu zako. Kwa Baba tunakwenda sasa hivi, yeye mbele mimi nyuma, asije akageuza njia. Karatasi samahani imelowa. Nimeanza kwanza kusugua kioo. Redio.