Mama Mkwe Alisema ni Mzima, Sasa Bima Haimlipii

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamtamkia mtu neno ambalo nitashindwa kulirudisha mdomoni, maana yamenifika hapa kooni na nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza.

Mimi ni fundi wa friji, nina mke na watoto, na nina mama mkwe ambaye mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, anatembelea fimbo, na sasa umri nao umeshampata. Nasema bila kujisifu, mama huyu anayehangaika naye ni mimi, watoto wake wa kiume wapo, mmoja mwalimu, mmoja ana duka la vipuri, lakini tangu afiwe na mumewe paa likivuja naitwa mimi, bomba likipasuka naitwa mimi, na sijawahi kukunja uso. Sasa likatoka tangazo kwamba pale ukumbi wa mtaa kuna dawati la ushauri wa bima ya afya, bure kabisa, kwa wazee na watu wenye ulemavu, yaani unakaa na mtaalamu anakuuliza hali yako, anakueleza vifurushi vilivyopo na kukusaidia kuchagua kinachokufaa, na yeye mwenyewe hauzi chochote. Nikasema hii ndiyo ya mama. Mke wangu akasema atampeleka yeye, nikamwambia uombe ruhusa kazini ya nini wakati mimi nina gari na kazi yangu najipangia mwenyewe, akanyamaza, nami nikajua tumeelewana.

Siku hiyo nikamfuata mama kwake, nikamfungulia mlango wa mbele kama mheshimiwa, na hapo mshauri nikuambie jambo ambalo limekuwa likinikera siku nyingi, mama huyu kila akipanda gari langu lazima kwanza atandike kanga kwenye kiti, tena ameikunja mara kadhaa, ndipo akae, kiti nilichokisafisha kwa mikono yangu, mtu akiona atafikiri humo huwa nabeba samaki. Na nyumbani kwangu ni hivyo hivyo, akija hanywi chai, hanywi hata maji, ukimkaribisha ni "Hapana baba, nimetoka kunywa sasa hivi," na kabla hajakaa vizuri ameshaomba kurudishwa kwake. Dharau hizo nimezimeza kwa ajili ya mke wangu.

Kule ukumbini tukapokewa na binti mmoja mstaarabu tu, akatupa viti viwili mbele ya meza yake, akaanza kumuuliza mama maswali. Macho je, mama akasema yanaona. Presha je, akasema imetulia. Kisha akamuuliza, mama, una shida yoyote ya haja ndogo, au ya uzazi, au kitu chochote kinachokusumbua huko chini? Mama akainamisha kichwa akaanza kuchezea ncha ya mtandio wake, kimya, mpaka ikawa aibu, basi mimi nikamsaidia, nikacheka nikasema, "Dada, huyu mama yetu ni chuma, ukiacha huo mguu hana lolote." Binti akamtazama mama, akauliza, "Ni kweli, mama?" Na mama akasema kwa mdomo wake, mshauri, masikio yangu yalisikia, "Ni kama alivyosema baba hapa, mimi ni mzima." Basi akaandikiwa kifurushi cha msingi, kile cha kumwona daktari na kupewa dawa, tukarudi mimi roho kwatu.

Haikupita muda mama akaanguka bafuni kwake. Mke wangu akampeleka hospitali, akarudi macho mekundu. Kumbe mama kizazi kimeshuka, ni jambo la miaka, mkojo haukai, na figo nazo zimeanza kusumbuka kwa sababu alikuwa anajinyima maji, daktari anasema afanyiwe upasuaji, si wa leo hii lakini usicheleweshwe, na kifurushi alichonacho hakilipii upasuaji wala kulazwa. Yaani mtu ameulizwa waziwazi, bure, na mtaalamu, akadanganya! Nilipomwambia mke wangu kwamba mama yake ametuponza kwa uongo, alinitazama kama mtu asiyenijua, akasema, "Ulitaka akuambie wewe?" Tangu hapo amehamia kwa mama yake na watoto, nikipiga simu anapokea mtoto. Na shemeji mwalimu, ambaye kwa mama yake huonekana kwa nadra kama mgeni, kanipigia kunifokea eti nani alinituma. Nani alinituma!

Nimerudi pale ukumbini nikamwakia yule binti, akanijibu taratibu kwamba kifurushi kinaweza kubadilishwa hadi mwisho wa mwezi huu, ila lazima mama mwenyewe azungumze naye. Azungumze naye tena? Nimpeleke tena nikae pale nisikilize uongo mwingine? Mimi nimechoka. Niambie, mshauri, nimkalishe mama huyu aseme ukweli mbele yangu na mbele ya wanawe, ajue uongo wake umetufikisha wapi, au nijitoe kabisa, watoto wake wajijue? Na hao watu wa ushauri wa bure, hawashtakiwi?

Ni mimi,
Mkwe Aliyechoka Kuwa Mwema

*

Fundi,

Niliisoma barua yako mara ya kwanza nikakuonea huruma, nikairudia nikapandwa na hasira. Nianze na huruma kwa kuwa ni fupi. Ni kweli umebeba mzigo ambao waliozaliwa na mama huyu wameukwepa, na huyo mwalimu hodari wa kufoka kwenye simu, kama anasoma hapa, aone haya. Umefanya mengi na hakuna aliyekwambia asante. Huruma imeishia hapo.

Sasa soma tena ulichoandika, maana ushahidi wote umeuleta wewe. Binti aliuliza swali. Nani alijibu? Mama alikuwa ameinama, anatafuta maneno, na wewe ukacheka ukasema ni chuma. Mama hakudanganya, fundi. Ulidanganya wewe, tena juu ya jambo usilolijua, yeye akaitikia, kwa sababu asingeitikia ingebidi amwambie mume wa binti yake kwamba anasema uongo, halafu aanze kueleza kizazi chake kimefika wapi. Mama mkwe! Mbele ya mkwe! Wewe umelelewa na nani? Kuna wakwe wanaoona haya hata kutafuna wakitazamana, nawe unataka huyu aufungue mwili wake kwa maneno huku umekaa ubavuni kwake, goti kwa goti. Hebu tubadilishane viti. Ukae wewe hapo, uulizwe habari za tezi dume na nguvu zako chumbani, na mama mkwe yuko pembeni anakusaidia kujibu. Ungesema una mafua.

Na ile kanga. Nilipofika hapo ilinibidi nisimame kidogo nizunguke ofisini. Mama alikuwa anakilinda kiti chako. Aliogopa ashuke aache alama, wewe uione, watoto waione. Kwako hakunywa maji kwa sababu maji yangemtoka asipotaka, na fimbo yake haikimbii kwenda chooni. Amekaa na kiu nyumbani kwa mtoto aliyemzaa mpaka figo zimeumia, na wewe muda wote huo umekaa unahesabu dharau. Kutokujua si kosa, hata mimi nisingejua. Kinachonichoma ni kwamba daktari ameshasema, umeshaambiwa kila kitu, na bado umeshika kalamu ukaandika "dharau" na "uongo" kama vile hujasikia.

Mke wako naye simpi pole tu. Alijua kuna jambo, ndiyo maana alitaka kumpeleka yeye, halafu akakatizwa akanyamaza. Mama watoto, kama gazeti hili limekufikia huko kwa mama, siku nyingine usinyamaze. Sema, "Haya ni ya wanawake, wewe kaa." Inatosha, hakuna mwanamume atakayeuliza zaidi. Na wewe fundi, mtu ukimkatiza akanyamaza, usiseme mmeelewana hapo hapo. Muulize.

Unauliza kama watu wa dawati wanashtakiwa. Nilimpigia mama mmoja anayefanya kazi hiyo hiyo kwenye dawati jingine, nikamsomea kipande cha barua yako. Alivuta pumzi akasema, "Angemtoa nje yule mkwe. Sisi jambo la kwanza kufundishwa ni hilo, msindikizaji anakaribishwa chai huko nje." Kwa hiyo ndiyo, binti alikosea. Aliuliza vizuri, akauliza na mara ya pili, lakini alimuuliza mama huku wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Mwambie hivyo, bila kupiga meza, ili mzee mwingine asipatwe na haya. Lakini kushtaki, na kuutukana ushauri kwa sababu ni wa bure, hapana. Hana anachouza, hana faida akimpa mama hiki au kile, na ni watu wangapi wanaoweza kukaa na mzee bila kutaka kitu kwake? Usiwatishe majirani wasiende. Waende, ila waende na mtu sahihi au waingie peke yao.

Sasa nisikilize, maana mwezi hautakusubiri wewe upoe.

Piga simu dawatini leo. Si kesho ukishamaliza friji ya mtu, leo. Omba miadi ya mama na mshauri mwanamke, mtu mzima kama yupo, na uulize kama wanaweza kumfuata nyumbani kwa ajili ya mguu wake, maana madawati mengine hufanya hivyo na watu hawaulizi. Atakayekuwa naye ni binti yake, na hata binti yake atoke mama akitaka. Mkeo aombe ruhusa kazini. Watoto utabaki nao wewe, utawafulia na kuwapikia, hutakufa. Waende na karatasi ya daktari. Mama asiweke sahihi mpaka aambiwe wazi kwamba kifurushi kipya kinalipia upasuaji, kulazwa na kliniki za baadaye, na kinaanza kufanya kazi lini, ndipo daktari apange tarehe. Wakijibiwa "tutaangalia," wasiinuke kwenye viti. Mchango utapanda, lazima. Hapo wapigie mwalimu na mwenye duka la vipuri, na hapo tu ndipo nakuruhusu ufoke.

Hicho kikao chako cha kumkalisha mama aseme mbele ya wanawe, kifute kichwani. Ukikiitisha, mimi mwenyewe nitamwandikia mkeo abaki huko huko aliko.

Kujitoa pia sahau. Mama huyu hana ugomvi na wewe. Alikubali aonekane mzima akose matibabu kuliko kukuaibisha mbele ya mtu baki, na wewe unajitoa kwa lipi?

Nenda kwa mkeo kwanza. Mwambie, "Nilikosa, nilimjibia mama." Usiongeze "lakini." Kwa mama mwenyewe usiende na hotuba ya kuomba radhi, kwa sababu huwezi kuomba radhi hiyo bila kuutaja ugonjwa, na ukiutaja utakuwa umemvua nguo mara ya pili. Siku ya miadi, kama ni ukumbini, wapeleke. Mkifika mwambie, "Mama, ingieni, mimi nipo huku nje," ukae huko nje kweli, usichungulie. Wakitoka usiulize wamezungumza nini, si njiani, si mezani, wala usimchimbe mkeo mkiwa wawili. Mama akikuambia, "Tumemaliza, baba," jibu, "Haya, mama," uwashe gari.