Usizime Bado

Moraa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye cherehani, gauni la mteja liko chini ya sindano na mteja mwenyewe amenuna kwenye benchi. Mwache anune. Ana muda.

Nimekasirika. Nianze na hilo, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwamba mimi hukasirika kwanza, nikaelewa baadaye. Safari hii nimeelewa vizuri kabisa, na hasira haijaondoka.

Najua ungeuliza habari za Kerubo kabla ya kitu kingine chochote. Binti yako ni mzima. Anakula kidogo, na amekataa kusukwa na mtu mwingine, kwa hiyo nywele zake zimekuwa kichaka. Majani chai yako tunachuma pamoja, mimi na yeye. Mimi nachuma vibaya. Ananikosoa kwa sauti yako, ananiambia majani mawili na kichipukizi basi, mama, mbona unabeba mti mzima? Huwa nageuka upande mwingine kidogo akisema hivyo.

Warsha yetu ya filamu imesimama. Ukumbi wa kanisa hapa Ikonge umefungwa, na mwalimu Akinyi amerudi kwao ziwani kwa muda. Kamera ameniachia. Nimeifunga kwenye ile leso yako ya kijani, juu ya kabati, panya wasiifikie.

Unakumbuka siku ya kwanza? Tulikwenda na madaftari yetu na kalamu, tukakaa kama wanafunzi wa gredi ya kwanza, tukidhani tutaandikiwa ubaoni filamu ni nini. Akinyi akatuwekea kamera mikononi. "Shikeni. Mtajifunza mkishika." Akatugawa wawili wawili, wewe ukapewa kamera na mimi nikapewa maiki ndefu na hedifoni, eti kwa sababu mikono ya fundi wa nguo haitetemeki. Nilichukia. Nilitaka kuangalia, si kusikiliza. Wewe ukaninong'oneza kwamba mwenye hedifoni anasikia hadi tumbo la mtu likinguruma, na kwa mtu mmbea kama mimi hiyo ni kazi ya mbinguni.

Halafu kule Magwagwa. Bado nacheka, hata leo, hata na hasira hii. Tulikwenda kurekodi yule mama muuza ndizi, zoezi letu la kwanza la nje, na Akinyi alikuwa ametuonya tusimpange mtu, afanye kazi yake tu. Ulipoinua kamera, mama wa watu aliweka mkungu chini, akajipangusa uso, akafunga kitambaa upya, akasimama wima kama askari. Akauliza, "Nani amekufa?" Na kabla hatujamjibu akaanza: "Mimi ni jirani wa marehemu. Tuliishi na yeye vizuri."

Akinyi hakuelewa. Kwao pengine kamera huja na harusi. Ikabidi tumweleze kwamba huku kwetu kamera inakuja nyumbani kwa mtu siku moja tu, na siku hiyo mwenye nyumba yuko kwenye jeneza. Watu wetu wakiona lenzi wanaanza kumsifu maiti. Tulihangaika na jambo hilo wiki nzima. Kila tuliyemwelekezea kamera alikuwa mtu mwema, aliyeishi vizuri na kila mtu.

Akinyi ndiye aliyetupa dawa. "Mtu akimaliza kusema, usizime. Bado hajamaliza." Mimi sikuwa na subira hiyo, nilikuwa nakukonyeza uzime twende tukanywe chai. Wewe ulikuwa unatulia tu, jicho moja limefumbwa, unangoja. Na ndivyo ulivyompata mama mkwe wako.

Alikuwa uani anachambua maharagwe. Alipoona kamera alipiga magoti kama anaombewa, akatoa ushuhuda mrefu, akamshukuru Mungu na mchungaji. Alipomaliza, ukakaa kimya. Yeye akadhani imezimwa. Akarudi kwenye maharagwe yake, akaanza kuongea, kwanza juu ya wadudu, kisha juu ya Ombati. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mumeo azikwe kumsikia bibi huyo, omong'ina wetu, akimtaja mwanawe akicheka. Na akasema maneno yale, nayasikia mpaka sasa kwa masikio yote mawili: "Hiyo chai Ombati alipanda na huyu Moraa. Moraa alibeba miche kwa kichwa na mimba ya Kerubo iko tumboni. Hiyo ni ya Kerubo. Hata mimi siwezi kuingia kuchuma bila kuomba."

Ulicheka nyuma ya kamera. Ukamwambia, "Endelea, mama."

Kisha hukukubali tumwonyeshe mtu yeyote, hata Akinyi. Ulisema mwenye sura aone kwanza, akubali kwanza. Ulirudi hadi Magwagwa, ukapanda na kushuka ile milima, ili tu muuza ndizi ajione kwenye kile kioo kidogo na aseme sawa. Kwa omong'ina ulisema utamwonyesha ukipona kifua.

Ukipona kifua.

Siku ile pumzi ilipokukataa, nilikimbia kwa shemeji yako Mogaka. Gari lilikuwa pale uani, linang'aa, limeoshwa. Akasema halina mafuta. Nikakubeba kwa bodaboda hadi Kisii, wewe katikati, mimi nyuma nimekushikilia kwa mikono miwili, na njia nzima nilikuwa nakusikiliza mgongoni. Mwenye hedifoni anasikia kila kitu. Nilisikia mpaka mwisho, Moraa.

Mogaka alituomba sisi wa warsha turekodi mazishi. Alikuja mwenyewe hapa kibandani, kwa upole, akaniita fundi. Siku ya Ijumaa walikuzika mapema ili Sabato isiwakute makaburini. Yule aliyekosa mafuta alikuwa ameleta hema, viti vya kukodi na mheshimiwa mmoja aliyesoma jina lako kwenye karatasi akakosea. Watu walipangwa kupiga picha na jeneza, ukoo huu, ukoo ule, kwaya, akina mama wa kikundi. Akinyi alishika kamera yako. Mimi nilishika sauti.

Hukuniona nikilia. Watu wamesema pia, najua, kwamba rafiki wa Mama Kerubo hana chozi. Nilikuwa nimevaa hedifoni. Ningelia, kilio changu kingeingia kwenye sauti yote, na Kerubo angekuja kunisikia mimi badala ya nyimbo za mama yake. Nilimeza. Bado nimemeza.

Spika za hemani zilikuwa zinapiga mluzi, kwa hiyo Mogaka aliposimama kuhutubu nilimbana ile maiki ndogo kwenye koti. Nilimwambia wazi, "Mzee, hii inanasa kila kitu mpaka nije niitoe." Akasema, "Sawa fundi, weka vizuri." Sikumwibia. Nataka ulijue hilo, kwa sababu najua ungeuliza.

Akahutubu kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni. "Mimi kama shemeji, nilitoa gari yangu mimi mwenyewe, usiku na mchana, nikasema huyu mama hawezi kufa mimi nikiwa hai. Na Kerubo ni mtoto yangu sasa." Akatoa kitambaa cheupe, akafuta macho. Wamama wakaguna kwa huruma. Nilitaka kumrushia ile stendi ya kamera.

Akaketi. Nikainuka kwenda kutoa maiki. Nikakukumbuka na jicho lako moja. Nikaketi tena.

Alipoketi, Kiswahili kiliisha, akarudi kwenye Ekegusii chetu, akamwinamia binamu yake. Akasema shule zikifunguliwa mtoto apelekwe kwa wajomba zake Mosocho, halafu wao wapime shamba na kuweka vigingi vipya, maana mtoto wa kike afanye nini na majani chai. Binamu akauliza kama omong'ina amekubali. Akajibu, "Yeye atakubali. Mimi ndiye nimebaki."

Akinyi aliona nimeganda akaniuliza kwa macho kuna nini. Jeneza lilikuwa bado juu ya ardhi, Moraa. Ulikuwa hatua chache kutoka kwenye kinywa chake.

Tulipokata video, nilimtafsiria Akinyi. Akasema yeye ni mgeni, hilo ni langu na lako. Nikayaacha humo bila kukata. Hotuba yote, kuketi kwake kote, neno kwa neno.

Jumapili ukoo ulikusanyika sebuleni kwa omong'ina kutazama, kama ilivyo desturi, chai na mandazi, runinga ya kuazima mezani. Mogaka alijitazama akihutubu, akalia mara ya pili. Kisha yule wa kwenye runinga akaketi, na sauti yake ikajaza nyumba, safi kabisa, kazi nzuri ya maiki kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nilidhani paa litaanguka. Nilidhani mtu atasimama. Unajua nani aliongea? Mama mkwe wako. "Fundi, hapo ungekata. Hujui kukata." Basi wote wakalidaka hilo kama wamerushiwa kamba mtoni. Ni kweli, hajui kukata. Hawa ni wa kujifunza tu. Mambo ya warsha hayo. Mogaka akacheka, akaomba mandazi. Mimi, ninayekata nguo za nusu ya Ikonge, nikaambiwa sijui kukata, na ukoo mzima ukapumua.

Halafu Kerubo, ameketi sakafuni karibu na mlango, akasema, "Rudisha."

Hakuna aliyegeuka.

"Rudisha hapo baba mkubwa ameketi."

Nikarudisha. Wakasikia tena, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuniambia sijui kukata, walikuwa wanatazama vikombe vyao. Mtoto alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akakusanya vikombe vya wageni wote, na cha Mogaka pia, akaenda kuviosha. Kwa adabu yote. Ulimlea vizuri, na siku hiyo nilitamani ungemlea vibaya kidogo.

Sasa Mogaka anatangaza sokoni kwamba sauti ile ilibandikwa kwa kompyuta. Nilikwenda kwa chifu, akasema maneno ya matanga si kesi. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Vigingi vimeshachongwa, viko nyuma ya nyumba yake, nimeviona kwa macho yangu nikipita kwenda kuchuma.

Kwa hiyo jana nilibeba kamera kwa omong'ina, nikamkuta jikoni peke yake. Nilifanya kama ulivyotaka. Mwenye sura aone kwanza. Nikamwonyesha maharagwe yake, na Ombati, na miche, na mimba. Alitazama bila kupepesa. Ulipocheka nyuma ya kamera alikigusa kioo kwa kidole, akapatafuta pale kicheko kilipotoka. Nikamwomba ruhusa tuwaonyeshe watu, ukumbini, kabla ya Jumatatu.

Akasema, "Muonyeshe nikifa. Ngojeni nife kwanza."

Nikamuuliza na Kerubo je. Alikaa muda mrefu akipuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Akaniambia, "Nyaboke, Mogaka ndiye atanizika."

Ana haki ya kuogopa, mwanawe mmoja yuko ardhini na aliyebaki ni huyo. Lakini nilitoka pale nikiwa na uchungu kuliko siku ya jeneza. Kwetu ukweli nao unangoja matanga, na siku ya matanga zinasemwa hotuba.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili halitakupendeza. Nimemuuliza, kama ulivyonifundisha. Amejibu. Na jibu lake nimelikataa. Jumapili hii nitaonyesha yale maharagwe katika ukumbi wa kanisa. Mzee wa kanisa amenipa ufunguo, Akinyi anakuja na mashine yake ya kurushia picha, shuka la kuonyeshea nimeshashona, jeupe, la vipande viwili, mshono hauonekani. Omong'ina nimemwambia leo asubuhi, uso kwa uso, kwamba nitaonyesha, asije akasema alishtukizwa. Alinifungia mlango. Hiyo kanuni yako nimeivunja mimi, Nyaboke, na ukinikasirikia, kasirika. Afadhali ukasirike wewe uliyelala kuliko Kerubo aamkie Mosocho na chai yake ikiwa na vigingi vya mtu.

Sijui kama itamzuia. Labda watasema tena sijui kukata. Lakini watalisema mbele ya Ikonge nzima, na sauti itakayokuwa inasema chai ile ni ya Kerubo ni ya mama yake Mogaka mwenyewe.

Lala, Moraa wangu. Kerubo sitamwacha, akikubali nitamsuka mimi, hata kama ninasuka kama ninavyochuma. Na filamu yako nitaimalizia.

Watu wakiingia ukumbini wakaona kamera yako, najua watauliza, kama kawaida yao, nani amekufa. Nitawaambia ni wewe, wakae. Kisha watakusikia ukicheka. Na hapo nitalia, nilie mpaka nichoke, kwa kuwa siku hiyo sitakuwa nimeshika maiki.

Nyaboke wako