Mtoto Aliyetumwa Sigara

Mlali, Kongwa
16 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Sila,

Mbukwa, nikusalimu Kigogo chetu, mwana wa mama. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipata, marahaba. Mgongo wako unaendeleaje huko Tunduma? Hapa tu wazima. Mvua imeturuka wiki mbili, lakini alizeti inavumilia.

Uliniuliza kwa ukali ni nani aliyemfundisha binti yako Brightness kuvuta sigara tangu mlipomwacha kwangu asome, na serikali inafanya nini. Nianze na serikali.

Walikuja wataalamu kutoka Dodoma mjini na mradi wa kuwakinga vijana na tumbaku. Wakagawa fulana na soda, wakapiga picha mpaka mbuzi wakapigwa. Kamati ya kata ikaundwa. Mwenyekiti nani? Batholomeo, ambaye vidole vyake vimegeuka njano kwa sigara! Akasoma azimio: marufuku duka lolote kumuuzia mtoto sigara. Tukapiga makofi. Hata jasho la hotuba halijamkauka, akamwita mtoto mwenye fulana ya mradi, akamtuma dukani sigara mbili.

Cornel mwenye duka akakataa, akataja azimio. Mwenyekiti akafoka, "Kwani anayenunua ni mtoto? Nimemtuma mimi! Siku hizi mtu mzima hatumi mtoto?" Na kamati nzima, watu waliosoma, wakakaa tena wakaandika kwamba mtoto aliyetumwa si mteja. Mbumbumbu wakubwa! Sasa kila mtoto wa Mlali ametumwa. Brightness alikuwa akimwambia Cornel ametumwa na mimi, Sila, mimi nisiyejua hata ladha ya ugoro. Cornel alishaanza kunipa pole ya kifua.

Mkuu wa shule alimkamata Brightness chooni akivuta. Amempa nafasi moja tu. Akirudia, kidato cha pili basi.

Sasa huyo unayemtafuta, aliyemfundisha kuvuta. Nilimkalisha Brightness nikamuuliza, bila fimbo. Akasema mlipokuwa bado hapa ulikuwa ukimpa sigara akakuwashie jikoni, tangu ana miaka saba. Sigara haiwaki kwenye kaa la moto bila kuvutwa, unajua hilo kuliko mimi. Alikuletea ikiwa inawaka, ukamsifu kwamba ana adabu. Nami nilikuwepo, nikacheka. Kwa hilo najiona mpumbavu. Lakini wewe umenizidi, maana unapiga simu kutafuta mchawi.

Leo ana siku ya kumi na moja hajaigusa. Ananuna, anatafuna karanga kutwa nzima. Jana aliniuliza kama ukija Pasaka utakuwa umeacha. Ukiwa bado na pakiti mfukoni, Sila, usije.

Msalimie wifi Paulina na Abeli mdogo. Mama anakuombea kila jioni. Mungu akulinde, na akupe aibu kidogo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,

Zipora