Mpira Uligusa Nyasi

Mpendwa Shangazi wa Alhamisi,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usitaje jina langu, maana nakuandikia kutoka ugenini, nimejifungia bafuni katika hosteli tuliyofikia na timu yetu ya taifa ya kriketi ya wanawake, wenzangu wako chini wanakunywa chai na mimi nimesema tumbo linanisumbua, huo ni uongo wa pili tangu tufike huku, na ule wa kwanza ndio ulioniketisha hapa.

Nyumbani mimi ni fundi wa kushona sare za shule, lakini uwanjani ndimi ninayevaa glavu na kuchuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu nidake mpira unaompita mpigaji, na kwa jinsi usivyoniponyoka wenzangu wamenibatiza Sumaku. Nahodha wetu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye aliyenitoa kwenye cherehani akanifundisha mchezo huu, kwa hiyo hebu fikiria, Shangazi, ni mtu ambaye siwezi kumwangusha uwanjani wala mbele ya mama. Tuna mechi tatu na wenyeji. Ya kwanza walikuwa wamebakisha mikimbio, yaani alama, kumi na nne tu watushinde, na aliyekuwa akipiga ni nahodha wao, dada mkubwa mwenye bendeji gotini ambaye alishatangaza kwamba hizi mechi tatu ndizo zake za mwisho, basi mpira ukagusa ukingo wa gongo lake, ukashuka, nikajirusha, nikaukamata, nikaunyanyua juu na timu nzima ikapiga kelele. Lakini Shangazi, mpira uligusa nyasi kwanza, na ukigusa nyasi kabla ya kudakwa mpigaji hatoki. Niliusikia kwenye vidole. Mwamuzi alikuwa amezibwa na mrushaji wetu, kamera hakuna, na sisi wa mchezo huu tuna desturi kwamba mwamuzi asipoona, mpigaji humwuliza aliyedaka, na neno lake ndilo la mwisho. Akanitazama usoni, akauliza, "Umeudaka?" Nikasema, "Nimeudaka." Hakubisha hata kidogo, alitia gongo kwapani akaondoka akichechemea, na sisi tukashinda kwa mikimbio tisa.

Ingeishia hapo labda ningesahau. Baada ya mechi yule dada akaja chumba chetu cha kubadilishia nguo, akawapita wote mpaka kwangu, akanikabidhi glavu zake za zamani, kumbe naye alikuwa mdakaji kabla goti halijamkataa, akasema hajaona mikono kama yangu. Zimo chini ya kitanda, sithubutu hata kuzijaribu. Nikamwambia wifi, kumbe naye aliona, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, akaniambia, "Wifi, meza. Tumeshinda. Ukifungua mdomo unatuaibisha wote, na viongozi wakisikia hutaivaa jezi hii tena." Nikameza, haikushuka. Mechi ya pili nikaangusha mipira miwili ambayo hata bibi yangu angeidaka huku anaongea na simu, tukafungwa. Ya mwisho ni Jumamosi na ndiyo ya kuamua. Niseme au nimeze? Na nikisema, wifi yangu nitamtazamaje?

Ni mimi,
Mikono Mizito


Mikono Mizito,

Marahaba, na pole. Sasa kaa vizuri hapo bafuni nikugombeze.

Umeniomba nikufiche. Mwanangu, timu yetu ya taifa ina wadakaji wangapi nyuma ya vijiti? Wanaoitwa Sumaku ni wangapi? Wenye wifi nahodha je? Umejificha kwa kuziba macho yako mwenyewe, halafu unaniuliza kama unaonekana. Mtu anayetaka kumeza jambo haandikii gazeti. Wewe umeshaamua, unachotafuta ni mtu mzima wa kukusukuma mgongoni. Haya, nakusukuma.

Wewe ni fundi. Mshono ukienda upande unafanyaje? Unafumua kabla ya kupiga pasi, hungoji mtoto aivae hiyo sare aende nayo shuleni. Na habari za mwamuzi aliyezibwa usiniletee mimi. Yule dada hakumwuliza mwamuzi, alikuuliza wewe, akakuamini, akaondoka na goti lake bovu. Hilo ndilo lililokupa mikono mizito, na hakuna mazoezi yatakayolitibu.

Wifi yako simwiti mtu mbaya. Ana timu nzima ya kurudisha nyumbani, na anakupenda. Lakini amekosea, maana matokeo ya mechi ile yameshaandikwa na hayafutiki, timu haitanyang'anywa kitu. Atakayelipa ni wewe. Kwa hiyo mwambie yeye kwanza, ila usimwombe ruhusa. Sema, "Wifi, naenda kumwambia." Akinuna, anune. Mawifi wamenuniana kwa kijiko cha sukari na wakapatana, hata hili mtapatana.

Kisha nenda kwa mwenyewe, mchana, kabla ya Jumamosi, na glavu zake mkononi. Usingoje mechi iishe ndipo useme, hapo utakuwa unajitua mzigo wako tu na yeye ameshastaafu. Usilie kabla hujasema, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe mkosaji. Sema, "Mpira uligusa nyasi, na nilijua." Neno "lakini" liache hosteli. Mpe glavu zake. Akizipokea, ni zake, usitazame nyuma. Akikufokea, sikiliza mpaka mwisho. Ukitoka hapo nenda kwa viongozi wako ukawaambie kwa kinywa chako, na wakikuweka benchi Jumamosi, kaa benchi uwapigie wenzako makofi. Itauma sana, nakuambia mapema ili usije ukasema Shangazi alinidanganya. Ila siku utakapochuchumaa tena nyuma ya vijiti, mikono itakuwa yako.

Wasomaji wangu, ngojeni kidogo, bado sijamaliza na huyu.

Barua yako ilinifikia kwa simu Jumatatu. Nilikutumia jibu hili kwa simu siku hiyohiyo, nikakuambia kwamba usipotaka lichapishwe unipigie kabla ya Jumatano saa kumi, kwani sikutaka yule dada apate habari hii kwa watu kabla hajaisikia kwako. Jumanne kimya. Jumatano saa nane mchana simu ikalia, nikajua umeogopa.

Hukuwa wewe. Alikuwa wifi yako.

"Shikamoo Shangazi," akasema. "Chapisha tu. Nimemsindikiza mpaka mlangoni kwa yule dada, sasa hivi yuko ndani."

Nikamwuliza, "Na glavu?"

"Amezibeba."

"Na wewe unafanya nini hapo nje?"

"Nasubiri zamu yangu. Na mimi niliona."

Shangazi wa Alhamisi