Mbegu Nilizozipika

Jumanne, 12 Oktoba 1982
Daktari amesema valvu za moyo zimeharibika. Dawa ni za kupunguza maji mwilini tu. Nikauliza, mpaka lini? Akaangalia meza. Krismasi, labda. Nina miaka ishirini na mbili tu! Nimerudi kijijini Nunguni, nyumba ya marehemu mama. Sina hata wa kumwambia.

Alhamisi, 21 Oktoba
Nimepika mbegu. Mahindi, mbaazi, kunde — kibuyu kizima alichoacha mama. Kwetu mbegu hailiwi hata njaa ikikaza. Lakini nipande, nani avune? Nimekula kwa hasira, kisha nikalia.

Ijumaa, 22 Oktoba
Aiya! Asubuhi, mwethya mlangoni — wanawake wa kikundi chetu cha kulimiana, ambao nimewakwepa tangu Agosti. Mama Nzuki, kiongozi wao, akasema leo ni zamu ya shamba lako. Nikasema siwezi kuwarudishia hata siku moja, nguvu sina. Akasema, kwani nani amekuuliza? Wakalima wakiimba, mimi kwa kiti. Halafu wakasema — lete mbegu.

Nikasema ukweli. Nimezipika. Zote.

Nilitaka ardhi inimeze. Muthoki, huyo mwenye mdomo, akauliza kama angalau nilitia chumvi. Wakacheka mpaka majembe yakaanguka. Nami nikacheka — kifua kinauma, nacheka! Nikawaambia na ya daktari.

Mama Nzuki hakusema pole. Alifungua fundo la leso, akanipa kunde zake za kupanda. Wengine nao wakafungua. Mbaazi nilikataa, hizo huvunwa Agosti mwakani. Akasema, panda tu, Syombua, Agosti si yako wala yangu. Nimepanda mistari miwili kwa mkono wangu. Asante Mungu. Kucha zimejaa udongo na sitaki kunawa.

Alhamisi, 4 Novemba
Mvua!!! Nimesimama uani nikalowa chepechepe. Mgonjwa mjinga, mwenye furaha.

Jumamosi, 27 Novemba
Miguu imevimba, viatu vimekataa. Lakini leo nimechuma majani ya kunde, ya kwanza, mwenyewe, nikipumzika kila hatua. Mama Nzuki amekuja na Mbuvi wa pikapu. Anasema hospitali sasa hivi, midomo yangu imekuwa ya buluu. Mbuvi anapiga honi. Naandika hapa kando ya jiko. Nitaenda, nataka kwenda — nataka kuishi, hata wiki moja! Lakini nimewaambia waingie, wakae, tule kwanza. Nimetoa sahani tatu. Kunde bado hazijaiva.