Mutua Amenitangulia Nairobi

Mbooni, Jumanne

Leo watu watatu wa Nairobi wamenipigia simu wakinitaka kazini. Uongo. Mimi ndiye niliyewapigia, na aliyeshika ni mmoja tu, msimamizi wa karakana ya vinyago.

"Mzee, nafasi ilikuwa moja. Ameichukua Mutua. Amesema nambari yangu ulimpa wewe."

Kweli nilimpa, nikijigamba. Huyu jirani nilimfundisha mimi kushika tezo na kuchonga, na hadi leo twiga wake ni mbuzi aliyevutwa shingo. Namwonea wivu. Hapa hakuna anayenunua kinyago tena, na naogopa mikono itaanza kutetemeka kwa uzee kabla sijapata kazi...

Mutua, tulipopeleka mbuzi wa mahari kwa wakwe zako ukakosa maneno, mimi ndiye niliyekusemea. Sasa nisemee kwa msimamizi, hata nipate kazi ya kupiga msasa tu.